Kupona na Kutengamaa: Istilahi za Matunzo ya Mtoto Aliyeumia Ubongo

Kitenzi kupona hubeba maana mbili ambazo katika maongezi ya kila siku hazigongani. Mtu aliyenusurika katika ajali ya basi husemwa kuwa amepona, na mtu aliyeondokewa na homa naye husemwa kuwa amepona. Wa kwanza ameokoka na kifo; wa pili ameirudia afya yake. Msikilizaji hana taabu ya kutambua ipi iliyokusudiwa, maana mambo yenyewe humwonyesha. Lakini pako mahali ambapo maana hizi zikichanganywa hasara yake ni kubwa, napo ni katika wodi ya watoto, siku mtoto aliyeumia ubongo anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Daktari husema "mtoto amepona" kwa maana ya kwanza. Mzazi hulisikia neno hilo kwa maana ya pili, hushukuru, hufunga mizigo yake, wala harudi tena.

Makala haya yana nia ya kuzipima istilahi zitumikazo katika matunzo ya watoto wa namna hii, yaani watoto walioanguka kutoka juu ya mwembe au ghorofani, waliogongwa na magari, na wale ambao ubongo wao umedhurika kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa Kilifi nchini Kenya na Kampala nchini Uganda katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba takriban mtoto mmoja katika kila wanne wanaonusurika malaria ya ubongo hubaki na kasoro ya viungo, usemi, kumbukumbu au umakini. Watoto hao wote wamepona, kwa Kiswahili tunachokitumia.

Tuanze na jina la tatizo lenyewe. Vipeperushi na taarifa za magazeti aghalabu husema "jeraha la ubongo". Kwa Mswahili, jeraha ni kidonda, ni mahali palipochanika na kutoka damu. Mtoto aliyeanguka na kupoteza fahamu kwa muda anaweza kuwa na ubongo uliovimba au kuvuja damu kwa ndani ilhali ngozi ya kichwa chake haina hata mkwaruzo. Mama akiulizwa kama mtoto alipata jeraha, atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hakupata. Yamkini mtunga istilahi atatamani nomino mpya itokane na kitenzi kuumia, lakini umio limekwisha chukuliwa na njia ya chakula, na hakuna atakayependa kusoma kwamba mtoto ana "umio la ubongo". Kwa maoni yangu maneno kuumia ubongo, au kuumia kwa ubongo, yanatosha. Si kila dhana lazima ipewe nomino ya neno moja ili ionekane kuwa ni ya kitaalamu.

Kosa jingine la mwanzoni liko katika upimaji wa fahamu. Kipimo cha Glasgow, kilichotungwa na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett na kutangazwa mwaka 1974, humpa mgonjwa alama kuanzia 3 hadi 15 kwa kutazama macho, usemi na mijongeo yake. Katika sehemu ya usemi, mgonjwa anayezungumza lakini hajui alipo wala siku ya leo hupewa alama 4 kati ya 5. Wafasiri wengi huandika hapo "amechanganyikiwa". Neno hilo katika mitaa yetu maana yake ni kwamba mtu ana wazimu, au anaukaribia. Mzazi aliyelisikia likisemwa juu ya kitanda cha mwanawe hatalisahau, na nyumbani litamfuata mtoto huyo kama jina la utani. Ingeandikwa tu kwamba "anaongea, ila hajitambui mahali na wakati", muuguzi angeelewa na mzazi asingeogofywa. Tukumbuke pia kwamba kipimo hicho kilitungwa kwa kuwatazama watu wanaojua kusema. Kwa watoto wadogo wenye malaria ya ubongo, madaktari wa Blantyre nchini Malawi walitangaza kipimo chao mwaka 1989, chenye alama 0 hadi 5, ambacho hakimdai mtoto maneno bali hutazama kilio chake, macho yake na namna anavyoitika akiumizwa. Kipimo hiki kimetoka jirani mwetu, na maneno yake ni rahisi kufasiri kuliko yale ya Glasgow.

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja, nacho ni jina la matunzo yenyewe yanayofuata baada ya hatari ya kifo kupita. Hapa Kiswahili hakikupungukiwa na maneno; kimezidiwa nayo. Yapo ukarabati, urekebishaji, urejeshaji, na katika miaka ya karibuni utengamao.

Ukarabati sina haja ya kulijadili kwa kirefu. Barabara hukarabatiwa, na madaraja, na nyumba za serikali. Kazi ya ukarabati huwa na mkandarasi, na huwa na siku ya kukabidhiwa. Kumwambia mama kwamba mwanawe atakarabatiwa ni kumwahidi siku hiyo.

Urekebishaji lina aibu yake. Nchini Kenya limezoeleka kwa wafungwa na kwa waraibu wa dawa za kulevya, na hata Tanzania anayerekebishwa ni yule aliyekosea. Mtoto aliyegongwa na pikipiki akienda shule hakukosea neno lolote. Isitoshe, katika maneno yote mawili mtoto ni kitu kinachotendwa. Wengine hurekebisha, yeye hurekebishwa; wengine hukarabati, yeye hukarabatiwa. Wataalamu wenyewe hawafanyi kazi kwa namna hiyo: mtoto asipotaka kukishika kijiko, hakuna awezaye kumshikia na kumfundisha kwa wakati mmoja.

Urejeshaji ndilo neno lililo karibu zaidi na mzizi wa neno la Kiingereza, nalo kwa sababu hiyohiyo ndilo linalowapotosha wafasiri. Mtu mzima aliyepata kiharusi alikuwa akitembea, akiandika, akihesabu fedha zake. Matunzo yanajaribu kumrejeshea alichokuwa nacho. Lakini mtoto wa miaka miwili aliyeumia ubongo alikuwa na nini cha kurejeshewa? Hakuwa amejifunza kusoma. Hakuwa amejua kufunga vifungo vya shati. Sehemu za mbele za ubongo, ambazo kazi yake ni kupanga, kujizuia na kusubiri, huendelea kukomaa hata baada ya miaka ishirini ya umri. Kwa hiyo dhara aliyoipata mtoto akiwa na miaka minne yaweza isionekane mpaka atimize tisa au kumi, wakati masomo yanapomtaka afuate maagizo matatu kwa mpigo. Dhara ya namna hiyo hukua pamoja na mtoto, na neno urejeshaji halina nafasi ya jambo hilo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika kifungu cha 26, ulilitambua jambo hili kwa kuweka maneno mawili ya Kiingereza sambamba, moja likiwa na kiambishi cha kurudia na jingine bila kiambishi hicho. Wafasiri wetu wamehangaika na neno hilo la pili. Wengine wameliita "uwezeshaji", neno ambalo hivi sasa limejaa semina, mikopo na posho kiasi kwamba mtoto hawezi kupenya ndani yake.

Hapa ndipo utengamao linaponivutia. Wizara ya Afya ya Tanzania hulitumia katika hati zake, na tangu Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwito wake wa mwaka 2017 kuhusu huduma hizi, watumishi wengi wameanza kulikuta mezani. Kitenzi chake, kutengamaa, ni cha ukoo wa tengenea na tengeneza, nacho huonyesha hali ya kitu kukaa sawa na kutulia mahali pake. Kina sifa mbili ambazo sijaona zikitajwa. Kwanza, hakisemi lolote juu ya kurudi. Mtu aweza kutengamaa baada ya kuharibikiwa, na aweza pia kutengamaa kwa mara ya kwanza, kama nyumba ya maharusi. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili linaweza kuyabeba yale mawili ya mkataba, na kwa upande wa watoto linafaa kuliko lile la Kiingereza lenye kiambishi cha kurudia. Pili, anayetengamaa ni mtoto mwenyewe. Yeye ndiye mtenda.

Hata hivyo neno hili lina kasoro ambazo Baraza haliwezi kuzifumbia macho. Ya kwanza ni tahajia: hati moja huandika utengamao, nyingine utengemao, na nimeona zote mbili katika ukurasa mmoja. Ya pili ni ujirani wake na mtangamano, neno litumikalo kwa umoja wa nchi za Afrika Mashariki. Mpiga chapa mvivu huyafanya kuwa neno moja. Ya tatu ndiyo nzito. Sikio lisilozoea husikia ndani yake kitenzi kutenga. Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu amekwisha kuona watoto wakitengwa, katika michezo, katika harusi, hata katika chakula. Ukimwambia kwamba mwanawe anapelekwa kwenye "kitengo cha utengamao", silabi za kutenga zimemfikia mara mbili katika pumzi moja. Hapana budi kumhurumia.

Tatizo hili halitatuliwi kwa kubuni neno la tano. Limetokana na jinsi neno lilivyoletwa: limekuja likiwa nomino ya ofisini, bila kitenzi chake. Nomino peke yake ni kibao cha mlangoni. Kitenzi kikitumika, utata huondoka, maana hakuna asikiaye "mtoto ameanza kutengamaa" akadhani kwamba ametengwa. Na kitenzi hiki kimekamilika. Kama vile sambaa huzaa sambaza, na shangaa huzaa shangaza, tengamaa huzaa tengamaza, na kutoka hapo mtengamazaji, kwa yule mtaalamu ambaye hadi leo hana jina la jumla. Ila kauli hii ya kutendesha itumike kwa kiasi, tusije tukamrudisha mtoto kwenye hali ya kutendwa.

Ama kuhusu matawi ya matunzo haya, hali ni mchanganyiko. Kwa tiba ya viungo, akina mama wamekwisha amua: husema "nampeleka mazoezini", na kila mtu huelewa. Istilahi ifuate njia hiyo. "Tibakazi" haifai kwa mtoto hata kidogo, kwa kuwa kazi ya mtoto ni kucheza, kula, kuvaa na kuoga, na hayo ndiyo anayofunzwa. "Tiba kwa vitendo" ni bora. "Tiba ya matamshi" nayo ni finyu mno. Mtoto aliyeumia upande wa lugha huenda anatamka vizuri kabisa neno lisilo lake, akiita kikombe kiatu. Tena mtaalamu huyohuyo ndiye anayemfundisha mtoto kumeza bila kupaliwa, jambo ambalo kwa wiki za kwanza lina uzito kuliko usemi wote. Tuseme tiba ya usemi na umezaji, hata kama ni refu.

Neno mtindio wa ubongo ningependa litazamwe upya. Wapo wanaolitumia kwa ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo, na wapo wanaolitumia kwa upungufu wa akili. Mtoto ambaye mikono yake haimtii lakini akili yake ni timamu huhukumiwa na neno hili kabla hajaulizwa swali la kwanza.

Walimu nao wanahusika, pengine kuliko madaktari, kwa sababu mtoto huyu atakaa hospitalini wiki kadhaa na shuleni miaka mingi. Mtoto aliyeumia ubongo huchoka upesi. Ifikapo saa tano asubuhi amekwisha tumia nguvu zote alizokuwa nazo kusikiliza. Ripoti ya shule huandika "mvivu". Akisahau daftari siku tatu mfululizo huandikwa "mzembe", na akiropoka darasani, "mtovu wa adabu". Haya ni maneno ya tabia, na dawa ya tabia katika shule nyingi inajulikana. Kiswahili kina maneno ya hali, kama uchovu wa ubongo, usahaulifu, kushindwa kujizuia, na mwalimu aliyepewa maneno haya ana la kumwandikia mzazi pasipo kumtia mtoto hatiani.

Ninaliomba Baraza liamue juu ya tahajia, nami napendelea utengamao kwa kuwa ndiyo iliyoenea zaidi. Liidhinishe kitenzi pamoja na nomino yake. Na liwashauri wenye kuchapisha kadi za kuwaruhusu wagonjwa waache nafasi ya mistari miwili mahali ambapo sasa huandikwa neno moja, "amepona". Mstari wa kwanza useme kwamba mtoto ameokoka na hatari. Wa pili utaje ni lipi bado halijatengamaa, iwe ni mkono, usemi au kumbukumbu, na tarehe ya kumrudisha.