Wordle, Sutom na neno SOMBE

Ndugu wasomi, kila asubuhi naona munatuma tukarata twa majani na manjano katika kikundi, halafu munabishana nani alipata neno mbio. Miye pia nacheza. Tangu nipate lisansi ya agronomia, na kazi ningali natafuta, huo mchezo njo kitu ya kwanza nafungua mbele ya kunawa uso. Basi acha niupime.

Wordle ilitengenezwa na Josh Wardle, fundi wa programu, juu acheze na mwenzake Palak Shah. Tarehe 1 Novemba 2021 ilikuwa na wachezaji 90. Tarehe 2 Januari 2022 walipita 300,000, na mwisho wa ule mwezi New York Times ikatangaza kama imeinunua. Herufi tano, kujaribu mara sita, neno moja kwa siku, na ni lile lile kwa watu wote. Mayele yake iko pale: haikuli siku nzima, na mega hazimaliziki. Lakini watu wanasifu rangi, wanasahau orodha. Palak Shah alipita ndani ya maneno karibu 12,000 ya Kiingereza, akabakiza karibu 2,500 yenye mtu wa kawaida anajua. Hiyo ni kazi sawa vile kuchagua mbegu mbele ya kupanda.

Sutom, yenye wengi wetu tunacheza kwa Kifaransa, imetoka kwa Motus, mchezo wa televisheni ya France 2 uliomalizika 2019. Inakupa herufi ya kwanza bure. Miye haipendezi: jaribio la kwanza njo lenye utamu, na hapo limeisha kukatwa nusu. Tena aliyekulia katika nyumba yenye vitabu anatupita mbele ya kuanza.

Basi miye na wenzangu wawili tukajaribu Kiswahili, kwenye kaye ya viraba. Karibu kila neno linamalizika na vokali, kwa hiyo herufi ya mwisho ni rahisi. Lakini ukipata -AMBA, umekwama: pamba, kamba, mamba, namba, bamba. (Waingereza nao wanateseka vile vile na light, night, right.) Na NG'OA je? Ile apostrofi ni herufi ao hapana? Tulibishana mpaka chakula kikapoa.

Halafu rafiki akaandika SOMBE. Mwenye kushika kamusi, iliyochapwa Tanzania, akakataa: humu kuko kisamvu tu. Nilikasirika kweli, bana. Kitabu changu cha mwisho wa masomo nilikiandika juu ya muhogo! Sombe nimekula tangu nifungue macho, leo naambiwa si neno. Ningeweza kucheka, lakini fikirini mtu anamwaga kamusi moja ndani ya mashine, anaiita Wordle ya Kiswahili. Mutoto wa Bukavu ao Lubumbashi atakuwa anashindwa kila siku katika luga yenye anaongea na mama yake, na atafikiri kosa ni lake. Sisemi tufukuze kisamvu. Nasema orodha ichaguliwe na watu wa pande zote, neno kwa neno, sawa vile Palak Shah alifanya.

Kaye yetu imeisha kuanza. SOMBE iko ukurasa wa kwanza, karibu na JEMBE na MBEGU. NG'OA ingali inje, juu ya ile apostrofi hatujaelewana.