Maji ya Dawa, Spiriti au Mloweko?

Katika maelekezo ya dawa za mitishamba za kutengenezwa nyumbani, neno linalowatatiza wafasiri kuliko mengine ni lile la dawa ya majani au mizizi iliyolowekwa katika kileo kikali kwa majuma kadhaa, ikachujwa na kunywewa kwa matone. Wafamasia huiita tinkcha. Wako wanaoifasiri kwa "maji ya dawa". Hatukubaliani nao. Mama wa Songea aliyezoea kuloweka mizizi katika maji atafanya vile vile, na chupa itachacha kabla ya juma kwisha, kwani kinachoihifadhi tinkcha ni kileo cha takribani asilimia 20 au zaidi. Tena huko Songea neno hilo lina historia nzito: maji ndiyo dawa iliyoaminiwa kuzuia risasi katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, maana laweza kuua. Mfasiri huandika "loweka katika spiriti", akifuata sauti ya neno la Kiingereza. Katika Kiswahili cha dukani, spiriti ni ile ya kusafishia vidonda au kuwashia taa, nayo huweza kuwa na methanoli, sumu ipofushayo na kuua. Msomaji hatakuwa amekosea. Atakuwa amenunua alichoambiwa. Je, aandikiwe "pombe" tu? Kwa wengi wa Songea pombe ni ulanzi au komoni, na zote mbili ni dhaifu mno kwa kazi hii. Akitafuta iliyo kali ataifikia gongo, ambayo sheria imeikataza na ambayo nguvu yake haijapimwa na yeyote.

Sisi tungechagua mloweko, kutokana na loweka, kama mchemsho utokavyo kwa chemsha (ingawa hotelini mchemsho ni samaki na ndizi). Lakini kiowevu lazima kitajwe: mloweko wa maji, mloweko wa kileo, na nguvu ya kileo iandikwe kwa tarakimu. Sifa hiyo isiachwe kwa kupenda ufupi. Mjamzito, mlezi wa mtoto na Mwislamu wana haki ya kujua wanachopewa. Tinkcha ibaki kwa ayodini, ambayo hupakwa wala hainywewi. Na penye "spiriti" katika vijarida vilivyokwisha kupigwa chapa, kibandikwe kipande cha karatasi chenye neno sahihi kabla ya kugawiwa.