Kamera za Polisi: Rialto na Washington Zilipima Nini?

Anayetetea kamera za kuvaliwa kifuani na polisi hakawii kutaja Rialto, mji mdogo wa California. Kuanzia Februari 2012, askari 54 wa doria walifanya kazi huko kwa mwaka mzima huku kura ikiamua zamu ipi wavae kamera na ipi waende bila. Zamu zilikuwa 988. Matumizi ya nguvu yaliyoandikwa yalikuwa 25: katika zamu zenye kamera 8, katika zisizo nazo 17. Malalamiko ya raia yakashuka hadi 3. Tofauti hiyo inavutia, ila imesimama juu ya matukio machache mno: manne tu yakihamia upande wa pili, yanabaki 12 kwa 13. Malalamiko 3 ndiyo kabisa, hayagawanyiki kati ya zamu zenye kamera na zisizo nazo. Ilibidi yalinganishwe na ya miaka ya nyuma, na mwaka mmoja hutofautiana na mwingine kwa sababu chungu nzima zisizohusu kamera.

Washington, mji mkuu wa Marekani, ilipima kwa namna nyingine. Kura ilipigwa juu ya askari mwenyewe, si zamu: zaidi ya 2,000 kutoka wilaya zote 7 za polisi waligawanywa, wengine wapewe kamera, wengine wasubiri. Mpango wa uchambuzi uliwekwa hadharani mapema, hivyo hakuna aliyeweza kuokoteza baadaye kipimo kilichompendeza. Matokeo yalitangazwa Oktoba 2017. Katika matumizi ya nguvu na malalamiko, makundi hayo mawili hayakuonyesha tofauti ya maana kitakwimu.

Watetezi wa kamera wana hoja. Askari hufika kwenye tukio wawili au watatu, na asiye na kamera akisimama kando ya mwenye nayo, naye anarekodiwa, lazima ajichunge. Ni kweli, na jambo hilo hupunguza tofauti. Lakini huko Rialto jambo hilo lilikuwa zito zaidi, maana mtu yuleyule alivaa kamera leo na kesho akaivua, na bado tofauti ikaonekana. Anayeitupa Washington kwa sababu hiyo hana budi kutueleza Rialto iliponaje. Hoja yenye uzito, kwangu, ni ya hali ya awali. Polisi wa Washington walikuwa wameingia makubaliano na Wizara ya Sheria tangu 2001 ili kurekebisha matumizi ya nguvu. Rialto, kinyume chake, hali ilikuwa mbaya: mwaka 2005 baraza la mji lilipiga kura ya kulivunja kabisa jeshi lake la polisi, ingawa halikuvunjwa. Palipokwisha kunyooshwa, kamera haina mengi ya kunyoosha.

Kwa hiyo jiji linalotaka kamera lisinunue kwa takwimu za kwingine. Lipige kura juu ya askari wake, litangaze vipimo kabla ya kuanza, na liandike kila mara kamera ilipozimwa na nani aliizima. Zabuni isubiri majibu.