Subira ya Walezi wa Chembe

Mzazi wa Bomani, mjini Tarime, akiambiwa mwanawe ana selimundu, ana haki ya kuuliza kama upo mzizi utakaomsaidia. Swali hilo linastahili jibu la kweli, na wanaolitafuta maabarani ni mafundi wa kuheshimiwa.

Wanachokitafuta ni himoglobini ya mimbani. Mtoto huzaliwa nayo kwa wingi, na ikiwapo chembe nyekundu hazipindi kirahisi. Ikipungua, kwa kawaida baada ya miezi sita, maumivu ya selimundu huanza. Mwaka 2014 watafiti wa Tanzania, wakitumia damu ya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa hospitali ya Muhimbili, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vinavyofanya wengine wabaki nayo nyingi.

Je, mmea unaweza kuirudisha? Tiba ya asili ya Uchina hutumia mbegu za buguzhi, zenye kemikali ya anjelisini. Mwaka 2003 watafiti wa Italia walionyesha kwamba anjelisini huamsha kinasaba cha himoglobini hiyo katika chembe zilizokuzwa.

Ustadi upo katika kuzilea chembe zenyewe. Hukaa katika joto la nyuzi 37, hewa yenye kabonidioksidi asilimia 5, na chakula chake hubadilishwa kabla hakijachacha. Fundi hugawa vyombo: kimoja bila dawa, kingine chenye haidroksiurea, dawa inayojulikana ya selimundu, na vingine vyenye kiasi tofauti cha mmea. Siku kadhaa baadaye hutia rangi ya benzidini. Chembe zenye himoglobini hugeuka buluu, naye huzihesabu kwa darubini, moja moja, pamoja na zilizokufa, maana sumu nayo hubadili chembe.

Hapo bado hajatangaza ushindi. Chembe za K562, zinazopendwa kwa majaribio haya, zilitoka kwa mgonjwa wa saratani ya damu na huishi kwa kanuni zake. Kwa hiyo fundi hurudia kazi kwa chembe changa kutoka damu ya watu, zinazohitaji takriban wiki mbili kukomaa. Ndipo wafuate wanyama, kisha wagonjwa wenyewe.

Uangalifu huo ndio heshima kubwa kwa mgonjwa. Mzazi wa Bomani, usimwachishe mwanao haidroksiurea kwa ahadi ya mizizi, na ukimpa mizizi yoyote, mwambie daktari wake.