Mstari Mnyoofu Mlimani: Kijiji cha Operesheni Kilivyochorwa Mbulu

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla mwaka 1976 haujaisha. Katika nyanda za juu za Mbulu, wakati huo zikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, amri hiyo iligusa mpangilio wa makazi uliojengwa kwa vizazi vingi. Kaya za Wairaqw zilizotawanyika miteremkoni, kila moja na shamba lake mbele ya mlango, zilitakiwa zihamie mahali pamoja na zijenge kwa mstari.

Siasa ya Operesheni Vijiji, kama kampeni hiyo ilivyoitwa, imeandikwa sana. Katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilichomwa au kubomolewa ili watu wasirudi walikotoka, na jambo hilo halipaswi kufunikwa. Uchambuzi huu unaitazama operesheni kwa upande ambao husemwa kidogo: kama kazi ya usanifu. Kijiji kilichorwa. Kilikuwa na vipimo, mistari, umbali na njia za maji. Kwa mkazi wa Tumati, wilayani Mbulu, anayetafuta hati ya shamba lake leo, maswali ya mchoro ule ni maswali yake bado: nyumba ikae wapi, shamba liwe mbali kiasi gani, barabara ipite wapi, na mvua ikinyesha maji yaende wapi.

Wazo lilikotoka

Usanifu wa usasa ulianza Ulaya ukiwa na dhamira ya kijamii. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia miji ilijaa familia zilizobanana katika vyumba vyenye giza na unyevu. Wasanifu wakasema nyumba ya mfanyakazi nayo inastahili jua, hewa na maji safi, na kwamba vipimo vikiwa sawa na vifaa vikiwa vya aina moja, gharama itashuka na wengi watapata. Mji wa Frankfurt, chini ya msanifu Ernst May, ulijenga makazi zaidi ya 10,000 kati ya mwaka 1925 na 1930. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la nyumba hizo: chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, kilichopangwa baada ya kuchunguza mama anatembea hatua ngapi kutoka kwenye sinki hadi kwenye meza, na kutoka kwenye meza hadi kwenye moto. Kila hatua isiyo ya lazima iliondolewa.

Fikra hizo hazikuishia Ulaya. May mwenyewe alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima katika eneo la Arusha kabla ya kufungua ofisi Nairobi. Jengo la KNCU, ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, mjini Moshi ni kazi yake. Tanzania ilipotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, ndoto ya kuwapa watu wote makazi bora kwa mpango mmoja ilikuwa imeshaenea duniani, kutoka mji mpya wa Brasília nchini Brazil hadi Chandigarh nchini India. Mwaka 1998 mwanazuoni wa Marekani James Scott aliviweka vijiji vya ujamaa katika kundi moja na mji wa Brasília: miradi ya dola iliyoamini kwamba maisha yatanyooka mistari ikinyooka.

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja ya Scott, ila naongeza jambo moja. Kosa la kijiji cha operesheni halikuwa usasa kupita kiasi. Kiliacha kanuni bora kuliko zote za usasa wenyewe, ile ya kuhesabu hatua za anayefanya kazi.

Nyumba ya mteremkoni ilivyofanya kazi

Ili kuona kilichovunjwa, tuanze na kilichokuwepo. Nyumba ya kale ya Wairaqw ilichimbwa ndani ya mteremko. Ukuta wa nyuma ulikuwa kilima chenyewe. Paa la boriti na fito lilifunikwa udongo hadi likakaribiana na usawa wa ardhi, hivyo mtu aliyetokea juu ya kilima asione kitu. Ilikuwa kinga dhidi ya wavamizi wa mifugo, na watu na ng'ombe walilala chini ya paa hilo moja. Hatari ya uvamizi ilipopungua, nyumba zikapanda juu ya ardhi, lakini uhusiano wake na kilima ukabaki.

Uhusiano huo ulikuwa mfumo kamili wa uzalishaji. Ng'ombe alilala nyumbani, kwa hiyo samadi ilipatikana mlangoni. Shamba lilianzia hapo hapo, kwa hiyo samadi ilifika shambani kwa hatua chache. Mashamba yalikatiza mteremko, yakiwa na matuta na mistari ya majani iliyopunguza kasi ya maji. Bonde lililobaki na unyevu wakati wa kiangazi lililisha mifugo. Ng'ombe wengine walikopeshwa kwa marafiki na ndugu wa maeneo ya mbali, hivyo ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja haukumaliza mali yote. Kutawanyika kwa kaya ndiko kulikowezesha udongo wa mlima kulimwa mwaka hadi mwaka bila kuchoka.

Kijiji kilivyochorwa

Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 iliweka kiwango cha kaya zisizopungua 250. Maofisa walichagua eneo, mara nyingi kando ya barabara ili gari lifike, kisha viwanja vikapimwa kwa safu, mara nyingi ekari moja kwa kaya. Wapima ardhi walikuwa wachache na muda ulikuwa mfupi.

Tufanye hesabu. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani kiwanja cha mraba chenye upande wa mita 64 hivi. Ukipanga viwanja 125 kila upande wa barabara moja, unapata kijiji chenye urefu wa kilomita 8. Shule ikiwekwa katikati, mtoto wa mwisho anatembea kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, na lengo la kusogeza huduma linakuwa limeshapotea. Ukivipanga viwanja kwa gridi, vinaenea kwenye kilomita moja ya mraba, na huduma inakuwa karibu kweli. Kila kaya ikipewa ekari 5 nyingine za kulima kuzunguka gridi hiyo, shamba la mbali kabisa litakuwa kama kilomita moja na nusu kutoka katikati ya kijiji.

Kwenye karatasi basi gridi inapendeza. Tatizo ni kwamba hesabu hii inadhani ardhi ni tambarare, udongo ni wa aina moja, na ng'ombe hali. Nyanda za Mbulu zina migongo, makorongo na mabonde. Shamba zuri haliko pale mchoro unapotaka liwe. Mwenye shamba lililorutubishwa tangu enzi za babu yake halihamishi. Analiacha, au anatembea kulifuata. Mifugo ya kaya 250 ikilala sehemu moja, malisho ya karibu hukanyagwa na kuliwa hadi mizizi. Kuni nazo huisha karibu na nyumba, na umbali wa kuzifuata humwangukia mwanamke mgongoni.

Hatua ambazo hazikuhesabiwa

Chukua kazi moja tu, ya samadi. Tuseme shamba linahitaji tani 2 kwa msimu, na mtu anabeba kilo 25 kwa safari moja. Hizo ni safari 80. Shamba likiwa mita 50 kutoka zizini, safari zote 80, kwenda na kurudi, ni kilomita 8. Shamba likiwa kilomita 3 kutoka kijijini, safari zile zile ni kilomita 480, nusu yake mtu akiwa na mzigo, na njia yote ina kupanda na kushuka. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, hizo ni saa 120 za kutembea kabla jembe halijagusa ardhi.

Hakuna kaya inayoweza kulipa gharama hiyo. Samadi itarundikana kijijini, shamba la mbali litakosa rutuba, na lile la karibu litalimwa bila kupumzishwa. Haya ndiyo yaliyoonekana katika maeneo mengi ya nchi, na Idris Kikula aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uhamishaji na mazingira. Kwa nchi ya Wairaqw, mwanahistoria Yusufu Lawi alichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu Operesheni Vijiji upande wa mashariki, akionyesha kwamba uhamishaji ulipuuza namna wenyeji walivyoielewa ardhi yao na kuvuruga uhusiano wao nayo.

Jikoni Frankfurt mbunifu alihesabu hatua kati ya sinki na moto. Mbulu haikuhesabiwa hatua hata moja kati ya zizi na shamba. Kilichohesabiwa ni nyumba, kwa sababu idadi ya nyumba ndiyo iliyoandikwa kwenye ripoti ya wilaya. Hapo ndipo usanifu ulipogeuka kuwa kazi ya kumridhisha mkaguzi.

Maji hayafuati rula

Kasoro ya pili ni ya mteremko. Mstari mnyoofu ukivutwa juu ya vilima hupanda na kushuka, na barabara inayoshuka moja kwa moja ni mfereji. Kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu ya mwendo wake huongezeka mara nne. Barabara ya mwaka wa kwanza huwa korongo baada ya masika kadhaa. Njia inayofuata kontua, yaani mstari wa mwinuko ulio sawa, hupindapinda na haipendezi kwenye picha, lakini maji huikatiza polepole na udongo hubaki mahali pake. Mkulima aliyepanga matuta yake kukatiza mteremko alilijua hilo bila darubini ya mpima.

Mabati yameongeza uzito wa jambo hili. Paa la nyasi au udongo hunywa sehemu ya mvua. Bati humwaga karibu yote. Paa 250 za mita za mraba 50 kila moja, zikipata mvua moja ya milimita 25, hutoa lita 312,500 kwa mara moja. Zikiachiwa barabarani huchimba korongo. Zikikingwa kwa gata na tangi ni neema: kwa mvua ya milimita 800 kwa mwaka, na tukihesabu kwamba asilimia 20 inapotea, kila nyumba inavuna lita 32,000, yaani karibu lita 88 kwa siku.

Kilichofaulu

Ingekuwa dhuluma kuishia kwenye makosa. Bila watu kukaa karibu, lengo la elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977 lisingesogea kwa kasi iliyoonekana. Zahanati na bomba la kijiji vilitokana na wazo hilo hilo.

Tazama jengo la madarasa la shule ya msingi, lile refu la vyumba viwili au vitatu, lenye madirisha pande mbili na paa la bati. Mchoro wake unajulikana nchi nzima, na fundi wa kijijini anaujenga kwa tofali la kuchoma au la saruji. Upana ni mdogo ili mwanga wa pande zote mbili ukutane katikati, na upepo upite kutoka dirisha hadi dirisha. Mtoto wa Mbulu na mtoto wa Dar es Salaam wanaweza kukaa katika chumba cha kipimo kimoja. Huu ndio usasa uliotimiza ahadi yake, kwa sababu kipimo kilitoka kwa mtumiaji: urefu wa chumba ambao sauti ya mwalimu inaufikia, na mwanga ambao daftari linauhitaji.

Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 katikati ya miaka ya operesheni, linafundisha jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi. Msanifu wake, Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alitumia zege na umbo linalorudiwa, silaha kuu za usasa. Lakini paa lake la miavuli mikubwa lilibuniwa liwape wauzaji kivuli, liruhusu hewa ipite, na likusanye mvua. Amuli alianza na mchuuzi, jua na maji, ndipo akavuta mstari.

Kazi iliyo mbele

Sasa vijiji vinapangwa upya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatoa hati za hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kugawa ardhi ya kijiji kwa makazi, kilimo, malisho na hifadhi. Tofauti kubwa na enzi za operesheni ni kwamba sasa mpango lazima upite kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wananchi wana uwezo wa kuukataa mchoro.

Uwezo huo utumike kwa maswali ya kiufundi. Ramani itakayoletwa mezani ioneshe kontua, siyo mipaka peke yake. Kila eneo la makazi liandikiwe dakika za kutembea hadi shambani, malishoni, kisimani na shuleni, na dakika hizo zipimwe na wanaobeba mzigo, hasa wanawake. Barabara mpya zifuate mgongo wa kilima au zikatize mteremko. Kila paa la umma liwe na tangi. Na kaya inayotaka kubaki karibu na shamba lake isihesabiwe kuwa imebaki nyuma; mara nyingi ndiyo iliyopiga hesabu sahihi.

Lengo la huduma sawa kwa wote bado ni haki, na Mbulu bado inalidai. Litafikiwa kwa vipimo vinavyoanzia miguuni mwa mkulima, na mpimaji atakayekuja bila vipimo hivyo arudishwe akavitafute kabla mkutano haujanyoosha mikono.