Munira Hayuko Kwenye Picha ya Darasa

Unazijua hizi picha. Watu arobaini hivi, mvi kidogo, vitambi vya heshima, t-shati za rangi moja zilizoandikwa mgongoni "Darasa la 1986". Asubuhi wamepanda miti chuoni walikosomea. Mchana wako shule ya msingi iliyo karibu, nyuma yao tangi jipya la maji lililofungwa utepe, mbele yao hundi ya kadibodi kubwa kama mlango. Watoto wamepangwa juani wakiimba wimbo waliofanyishwa mazoezi wiki nzima. Kisha hotuba: tulitoka mbali, Mungu ametuinua, tumerudi kusema asante.

Hadithi hii imesimuliwa mara nyingi hadi ina kanuni zake, kama zilivyo hadithi za mapenzi. Inaanza na mtu mmoja kutafuta namba za wenzake. Linaundwa kundi la WhatsApp, mweka hazina anachaguliwa, M-Pesa zinaingia, kuna wawili wanaogombana halafu wanaombana msamaha, na mwisho ni tangi. Silidharau tangi. Mtoto anayekuja shule na mtungi wa lita tano kila asubuhi hana haja na uhakiki wangu. Lakini hadithi inayosimuliwa kando ya tangi inaweza kuhakikiwa kama nyingine yoyote, na kitabu kinachonisaidia kuisoma kilitoka 1977: Petals of Blood cha Ngũgĩ wa Thiong'o.

Wengi wanakikumbuka kama kitabu cha mauaji. Matajiri watatu wa Ilmorog, Chui, Kimeria na Mzigo, wamekufa motoni, na polisi wanataka kujua nani aliwasha kiberiti. Wengine tulifundishwa ni kitabu cha ubepari, tukaandika insha, tukasonga. Jaribu kukisoma kama kitabu cha watu waliopitia shule moja.

Shule hiyo ni Siriana. Munira na Chui walikuwa pale wakati mmoja. Chui alikuwa nyota: mchezaji, msemaji, kijana ambaye wenzake walimwiga hata kutembea. Waligoma dhidi ya mwalimu mkuu Mwingereza, Cambridge Fraudsham, na wote wawili wakafukuzwa. Chui akaenda ng'ambo kusoma. Munira akabaki, akaishia kuwa mwalimu kijijini Ilmorog. Miaka mingi baadaye wanafunzi wa Siriana wanagoma tena, wanataka mwalimu mkuu Mwafrika na historia ya Afrika. Wanaletewa Chui. Na Chui, yule yule wa mgomo, anawaambia mambo yabaki yalivyokuwa. Wanapogoma tena anawafukuza, na mmoja wao ni Karega.

Huyo ndiye mhitimu aliyerudi kuhudumia shule yake, bana.

Kisha kuna safari. Ukame umeingia Ilmorog na wanakijiji wanaamua kwenda Nairobi kumwona mbunge wao. Njiani mtoto, Joseph, anaugua. Wanaenda kwa mchungaji Jerrod kuomba msaada. Wanapewa mahubiri, chakula hakuna. Munira akajikuta kwenye nyumba ya Chui. Ndani kuna sherehe, mabwana na mabibi wamevaa vizuri wanaimba nyimbo za jando kama burudani ya kitamaduni. Mwanamke mmoja anamwona Munira na vumbi lake la safari, anazimia. Munira anatoroka bila hata dawa ya mtoto.

Ukiniuliza, hakuna mkutano wa waliosoma pamoja ulioandikwa vizuri kuliko huo katika fasihi yetu. Wawili waliofukuzwa siku moja, mmoja ana nyumba, mwingine yuko kwenye giza la bustani. Na kilicho kibaya si kwamba Chui ni mchoyo. Chui hajui hata kwamba mwenzake alifika. Mfumo wa maisha yake umepangwa ili asijue.

Ngũgĩ hakuishia hapo. Msaada unakuja hatimaye, baada ya wakili mmoja kuwatetea mahakamani na magazeti kuandika. Michango inamiminika Ilmorog. Mvua nayo inanyesha. Kila mtu anashangilia. Ila baada ya huruma inakuja barabara, baada ya barabara inakuja benki na mikopo, na bibi Nyakinyua anapoteza shamba. Kinywaji cha kienyeji, theng'eta, kinakuwa mali ya kampuni ambayo wakurugenzi wake unawajua tayari: Chui, Kimeria, Mzigo. Mkono unaotoa na unaochukua ni wa mwili mmoja.

Sasa turudi kwenye t-shati. Waliomaliza chuo kikuu cha umma 1986 walisomeshwa na serikali, na juu yake wakapewa pesa za matumizi, ile waliyoiita "boom". Tunasikia hadithi zake hadi leo: ati mwanafunzi alituma pesa nyumbani badala ya kutumiwa. Mwaka 1991, katika enzi za masharti ya Benki ya Dunia, wanafunzi wakaanza kuchangia karo. HELB ikaundwa 1995. Mwaka 2023 ukaja mfumo wa kupanga wanafunzi kwa makundi kulingana na mapato ya familia, ukaishia mahakamani. Kizazi kilichopanda ngazi bure kilikuwa ofisini ngazi ilipoanza kulipiwa. Si wote waliamua, sawa. Lakini hotuba ya "tulitoka mbali" huwa haimtaji aliyelipa nauli.

Hapa namlaumu Ngũgĩ kidogo. Chui wake ni mtu bapa mno. Hapewi usiku hata mmoja wa kukosa usingizi, anachomwa tu. Wasee wa t-shati ni wagumu kuliko hivyo: wengi wanalipia ndugu karo, wanazika majirani, wanachangia kila harambee. Mtu anaweza kuwa Chui saa tatu asubuhi na mtu wa maana saa nne. Riwaya haina nafasi ya mtu kama huyo, na ndiyo maana msomaji mwenye pesa anaweza kuimaliza bila kujiona ndani yake.

Lakini jambo moja Ngũgĩ aliliona ambalo picha zetu hazilioni. Ilmorog inasomeshwa na nani? Na Munira, aliyefukuzwa. Na Karega, aliyefukuzwa. Na zawadi bora ya elimu katika kitabu kizima inatoka kwa Wanja, aliyeacha shule akiwa na mimba ya Kimeria. Anamkuta Joseph akifanya kazi dukani kwa Abdulla, anauliza kwa nini mtoto hasomi, halafu anaishika kazi ya duka yeye mwenyewe ili Joseph aende darasani. Hakuna utepe. Mwishoni Joseph anasoma Siriana.

Mimi pia sikumaliza chuo, kwa hivyo labda nasoma kwa jicho la upande. Ila sijawahi kuona picha ya darasa yenye mtu ambaye hakuhitimu. Orodha ya namba huanzia kwenye kijitabu cha mahafali. Aliyeshindwa na karo muhula wa tatu, aliyepata mimba, aliyefukuzwa baada ya mgomo, hayumo humo. Anakuwa hakuwahi kuwa darasa letu. Na huenda ni yeye anayefundisha kwenye hiyo shule yenye tangi, kwa mshahara wa kubahatisha unaolipwa na wazazi.

Kwa hivyo kabla ya kuagiza t-shati, tafuteni ile orodha ya mwaka wa kwanza. Hesabuni majina, linganisheni na ya mahafali, kisha pigeni simu kwa waliopotea katikati. Muulizeni kila mmoja nini kilitokea, na nani alikuwa ofisini wakati huo. Pesa za tangi zitapatikana tu.