Mkono wa Pili Juu ya Wino Mbichi

Wasomaji waliohudhuria onyesho la kuchapa fulana kwa wavu Jumamosi iliyopita, na wale walioliangalia baadaye katika simu zao, hawana haja ya kusimuliwa jinsi fulana nyeusi ilivyolazwa ubaoni ikanyoka, wala jinsi fremu ilivyokazwa, wala kwamba wavu uliochaguliwa ulikuwa wa nyuzi 43 kwa sentimita, ambao ndio hasa wavu wa wino mweupe. Mambo hayo yote yalitendwa kwa ustadi. Kilichoiharibu kazi njema ni uamuzi mmoja, uliokatwa kwa muda wa kufumba na kufumbua, nao ulikuwa kosa dhahiri.

Baada ya mkono wa kwanza wa wino fundi aliinua fremu, akainama, akaona kile ambacho kila achapaye wino mweupe juu ya kitambaa cheusi hukiona: weupe uliofifia, wenye rangi ya majivu, na weusi wa uzi ukichungulia katikati ya herufi. Hilo si taksiri yake. Mkono wa kwanza haukuwekwa ili uwe mweupe. Umewekwa ulaze vinyweleo vya pamba na uwe msingi wa kubeba wa pili. Taa ya kukaushia ilikuwa kuliani kwake, imekwisha pata moto, na ilimbidi aisogeze tu juu ya fulana kwa sekunde tano hata kumi, mpaka wino uguswe kwa kidole usinate. Badala ya kufanya hivyo, aliiteremsha fremu ile ile juu ya wino ule ule mbichi, akaishika raba ya kuvutia wino kwa mikono miwili, akaegemeza uzito wa mwili wake wote, akavuta. Na alipoona bado haijatosha, akavuta tena.

Basi na tutazame kilichotokea kwa insafu. Wino mweupe hupata uwezo wa kufunika kutokana na unga wa titani dioksaidi uliomo ndani yake, na unga huo hufunika pale tu unapokaa juu ya kitambaa. Ukisukumwa kwa nguvu ukazama baina ya nyuzi, hauonekani tena, na weusi hubaki juu kama mwanzo. Maana yake ni kwamba kila alipozidisha nguvu ya mkono ndipo alipozidi kuuzika weupe aliokuwa akiutafuta. Fauka ya hayo, uso wa chini wa wavu ulipougusa wino mbichi uliunyakua, na fremu ilipoinuliwa ikang'oka na sehemu yake, ikaacha ngozi yenye vitundu kama ganda la chungwa. Mwenye kutaka ithibati na aitazame herufi "e" iliyo mwanzoni mwa mstari wa pili: baada ya mkono wa kwanza tundu lake lilikuwa wazi na kingo zake zimekatwa sawasawa, baada ya wa tatu tundu limezibika, na mkia wa herufi umetambaa nje ya mpaka wake.

Lau angeikausha ile tabaka ya kwanza, akaiacha ipoe kidogo, akaifanya fremu ielee milimita mbili au tatu juu ya kitambaa, mkono wa pili ungekuwa mwepesi, wa kuukata wino katika wavu tu, nao ungekaa juu ya msingi laini pasipo pa kuzamia. Nimelisema hili katika safu hii mara nyingi, na maadamu itikadi ya nguvu ya mkono ingali inafundishwa uani kwetu, nitaendelea kulisema. Itikadi hiyo ni ndugu ya ile nyingine ya kuuzimua wino mweupe ili upite kirahisi, ambayo nayo hupunguza kile kile kinachofunika.

Wakongwe hawakuwa na taa za namna hii, ila subira walikuwa nayo. Anthony Velonis, aliyewaongoza wachapaji wa mabango ya serikali mjini New York katika miaka ya 1930, alichapa rangi moja baada ya nyingine, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Hata Andy Warhol, ambaye watu humdhania mtu wa pupa, katika picha zake za Marilyn za mwaka 1962 alitanguliza rangi za uso na nywele kwa mkono, ndipo akaushusha wavu wenye wino mweusi. Kweli, kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko ya fulana, kwa kuwa kiza juu ya nuru hakidai mengi. Illa utaratibu wa msingi kwanza aliuheshimu.

Tukirudi kwenye fulana ya Jumamosi, pamba yake ilikuwa halisi, na hilo nampongeza fundi kwa moyo mkunjufu, kwani muuzaji mmoja aliwahi kuniapia kwamba fulana zake nyekundu ni pamba tupu, hali zilikuwa na poliesta, na rangi yake ikapanda katika wino wangu mweupe ikaufanya wa waridi. Tangu hapo huchomoa uzi nikauchoma: pamba huacha jivu na harufu ya karatasi, poliesta huyeyuka ikaganda kitonge.

Moto wa mwisho, wa nyuzijoto 160, ulitimia vizuri, nao ndio hoja ya wanaomtetea: wanasema wino umeshika, na fulana ikifuliwa nyuzi zitalala na weupe utatokeza. Sivyo. Moto huushikiza wino mahali ulipo, haupandishi uliozama. Na kufua hakulazi vinyweleo vya pamba. Huvisimamisha, na pale ambapo hapana tabaka nene la kuvizuia, vitatoboa juu vikiwa vyeusi, na kila dobi atakapoisugua fulana ile herufi zitazidi kuwa za kijivu.